Mvua za kwanza zawa mtego kwa wakwea Mlima Kenya

KWA mkazi wa Nyeri, mvua za kwanza za Oktoba ni habari njema: mkulima wa Tetu hupanda, nalo vumbi la Kieni hutulia. Lakini mawingu yayo hayo yakifika juu ya Mlima Kenya huleta jambo jingine. Mvua hugeuka kuwa ya mawe, kisha theluji, na njia iliyoonekana wazi asubuhi hufunikwa na ukungu kabla ya alasiri.

Katika milima ya Alps, hofu ya mwanzo wa msimu ni maporomoko ya theluji. Mlima Kenya hauna theluji ya kiasi hicho. Barafu yake imepungua mno tangu Mackinder alipofika kilele cha Batian mwaka wa 1899. Hata hivyo, kupungua huko hakujaleta usalama. Mawe yaliyoshikwa na barafu hulegea, na mtu aliyelowa katikati ya upepo mkali aweza kuuawa na baridi pekee.

Hesabu yake ni rahisi. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mita 1,000. Mji wa Nyeri uko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, nacho kilele cha Lenana mita 4,985. Basi siku ambayo Nyeri ina nyuzi 20, Lenana huwa karibu na kiwango cha maji kuganda. Utabiri wa mjini haumfai anayeelekea kileleni.

Wala kalenda si kinga. Julai 19, 2003, katika miezi inayohesabiwa kuwa ya kiangazi, ndege ndogo iliyotoka Nairobi kwenda Samburu iligonga ubavu wa Lenana, mlima ukiwa umefunikwa na mawingu. Watu wote 14 waliokuwamo waliangamia.

Mzigo mkubwa wa hatari hii huwaangukia wapagazi na waelekezi wa Naro Moru, Nanyuki na Chogoria. Mgeni huja na siku za kuhesabu. Mpagazi hutegemea ujira wa kila siku. Kundi likirudi likiwa limefika kambi ya Met Station, mita 3,050, mmoja hukosa kilele, mwingine hukosa karo ya mwanawe. Hivyo wote wawili hushawishika kusonga mbele hata pale busara inapowaambia warudi.

Tiba ya kudumu, kwa hiyo, haimo katika koti zito pekee. Utabiri unaozingatia mwinuko unapaswa kusomwa langoni kila alfajiri, neno la mwelekezi liwe la mwisho, na mpagazi alipwe ujira wake kamili hata safari ikikatizwa. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini dalili hiyo haina faida ikiwa anayeiona hana uwezo wa kugeuka.