Tusifiche Maradhi ya Ukoo

Ndugu Waislamu, yako maradhi ya kurithi yaitwayo SMA, ambayo huua neva za uti wa mgongo na kumdhoofisha mtoto misuli. Wazazi wawili wazima wakiwa wameyabeba, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Neva ikifa hairejei. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya watoto 25 walioanza kupewa dawa ya nusinersen kabla ya dalili: wote walikuwa hai, na 22 wakitembea wenyewe. Dawa hiyo ni ghali mno, lakini kuficha hakugharimu kidogo. Familia iliyozika mtoto kwa maradhi haya imweleze daktari kabla ya uzazi mwingine. Kutawakali hakukatazi kujitibu, Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tujitibu. Wallahu a'alam.