Wajumbe Wanaonewa

Tangu kura za maoni za CCM za Julai 2020 za kupata wagombea ubunge, kila mtia nia akianguka jibu ni lilelile: wajumbe si watu wazuri. Wamekula hela zake, wamemchekea, kisha wakampigia mwingine. Utani mtamu, ila unamfichia mkosaji. Tatizo si roho ya mjumbe bali kanuni iliyompa kura ya wanachama wenzake.

Tazama Kigamboni mwaka ule: Faustine Ndugulile kura 190, Paul Makonda 122. Kura zilihesabiwa hadharani, na watu wakasifu uwazi. Sawa, lakini wajumbe wa mkutano mmoja ndio waliopiga kura ya nani apeperushe bendera ya chama tawala jimbo zima. Mwaka 2015 wanachama wa kawaida walipiga kura kwenye matawi yao. Ikasemwa utaratibu ule ulileta mamluki wenye kadi za juzi. Basi daftari lihakikiwe! Kuhonga maelfu ya wanachama ni kufilisika. Wajumbe mia chache wa mwaka 2020, majina yao yalijulikana na nyumba zao pia, bahasha zingeweza kuwafikia wote kabla hakujakucha. Ukipunguza wapiga kura, umeshusha gharama ya rushwa.

Na huyo mjumbe anayetukanwa hana hata neno la mwisho. Kawe, mwaka uleule, Josephat Gwajima alishika nafasi ya tatu kwenye kura za maoni. Vikao vya juu vya chama vikamteua, akawa mbunge.

Utaambiwa hayo ni mambo ya ndani ya chama, asiye na kadi anyamaze. Yangekuwa ya ndani kama kungekuwa na mlango mwingine wa kuingilia bungeni. Ibara ya 67 ya Katiba ya Tanzania inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe nacho. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Zuio likabaki. Kwa hiyo penye ngome ya chama, mwananchi anapangiwa mbunge mapema, halafu siku ya uchaguzi analaumiwa kwa kutojitokeza.

Wanachama wote wapige kura. Anayeongoza asikatwe bila sababu kutangazwa. Mgombea binafsi aruhusiwe. Wanaokataa hayo matatu ndio wa kusemwa, si mjumbe.