Akiba ya Siku Hizi Huoza

Wahenga walitwambia kuwa akiba haiozi. Nami nawaheshimu wahenga, lakini lau wangalifungua friji ya nyumbani kwangu, nadhani msemo huo wangaliufikiria upya.

Ramadhani iliyopita, mwezi haujafika nusu, nilisikia harufu mbaya jikoni. Nikafungua friji, nikakuta bakuli la mbaazi za nazi lililochacha, sambusa za juzi, na wali ambao hakuna aliyekumbuka ulipikwa lini. Nikamgeukia mke wangu kwa hasira, nikasema kuwa wanawake wa siku hizi hawajui kuhifadhi chakula. Akanijibu kwa upole, "Bwana, mimi ndimi nipikaye, lakini wewe ndiwe uletaye." Nikanyamaza, maana ni kweli. Kila alasiri, tumbo likiniuma kwa njaa ya saumu, mimi ndiye niliyekuwa nikipita Marikiti na kununua kila ambacho jicho lilikitamani.

Kesho yake niliazima mizani. Kwa muda wa siku saba tulipima kila chakula kilichofaa kuliwa nasi tukakitupa. Tu watu watano, na mizani ilisema kilo nne na robo. Nami nilikuwa nikijihesabu miongoni mwa watu wasio na israfu!

Jambo hili si letu peke yetu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Kenya, Gigiri, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2024 kuwa dunia ilitupa tani milioni 1,050 za chakula katika mwaka 2022. Wengi wetu tungedhani lawama ni ya mahoteli na maduka makubwa, kumbe tani milioni 631, yaani 60 kwa mia, zilitoka majumbani. Ukigawa kwa vichwa, ni kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka, pamoja na maganda na mifupa. Ripoti ya kwanza, ya mwaka 2021, ilimkadiria Mkenya kuwa hutupa kilo 99.

Hapo ndipo nina neno. Vipimo vilivyotegemewa kukadiria hizo kilo 99 vilichukuliwa Nairobi. Sikatai kuwa Nairobi ni Kenya, lakini je, jiko la Lamu, la Kwale au la Turkana ni jiko la Nairobi? Mtafiti anayetaka kujua watu wanaishije hana budi kuingia jikoni mwao. Bwana David Evans wa Uingereza alifanya hivyo katika jiji la Manchester, akaandika kitabu mwaka 2014. Aliyoyaona ni kuwa watu hawatupi chakula kwa sababu hawajali. Hukibakisha kwa nia njema, wakakitia friji wakiahidi kukila kesho, kesho ikaja na shughuli zake, na mwishowe kikaoza ndipo roho zikaridhika kukitupa. Niliposoma habari hizo nilihisi kama bwana huyo aliwahi kulala kwangu.

Sasa tazameni nazi. Ilipokunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu, tui liliingia chunguni, machicha yakaliwa na kuku, kifuu kikawa upawa au kuni, na makumbi yakasokotwa kamba. Hakikutupwa kitu. Sisemi kuwa wazee wetu walikuwa malaika. Hawakuwa na friji tu, na chakula kilikuwa hakingoji. Kilichozidi kilifunikwa kawa kikapelekwa kwa jirani kingali moto, na kilichobaki usiku kilikuwa kiporo cha asubuhi. Kwa hivyo chakula kilitembea nyumba hadi nyumba kabla ya kuharibika. Leo friji imetupa ruhusa ya kuchelewa, na lango la ghorofa limetutenga na jirani. Tumepata pa kuweka, tukasahau pa kupeleka.

Nilipokuwa chuoni, mwalimu wetu alitukanya tusimwage maji ovyo tunapotawadha, hata kama tu kando ya mto. Wakati ule nilishangaa, mto utapungua nini? Sasa naelewa kuwa hakuwa akiuchunga mto. Alikuwa akiuchunga mkono.

Basi nasema mambo mawili. Kwanza, vyuo vikuu vyetu na serikali za kaunti ziwatume watafiti majikoni mwa pwani, wakaulize kwa Kiswahili, wakapime kwa mizani. Wala wasiwahoji kina mama peke yao kana kwamba kosa ni lao. Wamwulize pia anayejaza kikapu, na anayeona aibu sinia ya harusi ikirudi tupu, akaamuru ipikwe mara mbili ya haja, kisha mapilau yakamwagwa jalalani ilhali mtoto wa mtaa wa pili amelala na njaa. Hiyo si ada yetu ya ukarimu. Ukarimu ni chakula kufika kinywani mwa mtu.

Pili, kila mmoja aazime mizani kwa juma moja tu. Ni dawa chungu, lakini hailipiwi.

Kwetu tulibadili mambo mawili kabla ya mwezi kwisha. Nilikwenda Marikiti na orodha ya mke wangu, nisiongeze hata ndimu. Na baada ya kufuturu, kilichozidi kiligawanywa kabla friji haijafunguliwa. Siku ya kwanza tuliwapelekea sahani ya mbaazi na mahamri majirani wa ghorofa ya juu, ambao kwa miaka mitatu tulikuwa tukisalimiana nao ngazini tu. Asubuhi yake mtoto wao aligonga mlango kuileta sahani. Ilikuwa na maembe mawili ndani yake.