Mwacheni Mkimya Naye Acheze!

Leo nina ugomvi na waendeshaji wa michezo ya mezani. Sizungumzii karata wala bao. Nazungumzia ile michezo ya kuvaa uhusika, ambayo baba yao ni Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kwa ambaye hajawahi kuuona: watu wanne watano wanakaa mezani, kila mmoja ana karatasi yenye namba za mhusika wake (nguvu kiasi gani, akili kiasi gani, haiba kiasi gani), na mmoja wao, yaani mwendeshaji, anasimulia dunia wanamopita. Jambo likiwa na shaka, dadu zinarushwa.

Sasa sikilizeni. Mchezaji akisema "mhusika wangu anavunja mlango," mwendeshaji hamwambii ainuke akavunje mlango wa jikoni. Anamwambia arushe dadu. Lakini mchezaji huyo huyo akisema "mhusika wangu anamshawishi mlinzi atufungulie lango," ghafla sheria zinabadilika. "Haya, ongea. Mimi ndiye mlinzi. Unaniambiaje?" Maskini anababaika, anameza mate, meza nzima inamtazama. Mlinzi anakataa. Na karatasi ya mhusika inasema haiba 17, wakati dadu tatu haziwezi kutoa zaidi ya 18!

Huu ni uonevu, tena uonevu unaojiita sanaa. Anayeumia ni nani? Ni mtu mkimya. Ni mwenye kigugumizi. Ni yule anayecheza kwa lugha aliyokutana nayo darasani. Watu hawa wamekuja mezani wawe, kwa saa tatu tu, kitu ambacho mchana hawawezi kuwa. Mwenye mikono myembamba tunamruhusu awe shujaa wa kubeba mawe, halafu mwenye aibu tunamkatalia kuwa balozi. Kwa haki gani?

Na haiba haikuwekwa kwenye karatasi kama pambo. Tangu 1974 ilikuwa na kazi: ndiyo iliyoamua mhusika aweze kuajiri wafuasi wangapi, na wafuasi hao wawe watiifu kiasi gani. Gygax na Arneson hawakuandika kwamba namba hiyo isomwe kwa wenye midomo tu.

Upande wa pili wa shilingi ni mbaya zaidi. Matoleo ya baadaye yaliporuhusu mchezaji kupanga namba zake atakavyo, wajanja wakagundua njia. Haiba wanaiachia 6, nguvu wanaipa 18. Kisha wakifika mbele ya mfalme, wanatumia ulimi wao wenyewe, ule wa barazani, na mwendeshaji anacheka na kuwapa kila wanachotaka. Hapo udhaifu umeandikwa, faida yake imechukuliwa, gharama haijalipwa. Tuite jina lake: ni mkopo usiorudishwa.

Ndiyo maana nasema suala la ulimi na suala la udhaifu wa tabia ni suala moja. Kilichoandikwa kwenye karatasi kiwe na uzito mezani, kiwe sifa au kiwe kasoro.

Angalieni GURPS, mchezo wa Steve Jackson uliotoka 1986. Ukitaka mhusika mwenye hasira, mlafi au mwoga, unapewa pointi za kununulia uwezo mwingine. Wazo zuri, ila watu wakajaza kasoro kama wanaokusanya kuponi za punguzo, na zikishaandikwa hakuna anayezikumbuka. Toleo la nne la 2004 lilijaribu kuziba pengo: kasoro nyingi za tabia zilipewa namba ya kujizuia. Unarusha dadu tatu. Ukizidi namba hiyo, tabia imekushinda. Kadiri unavyojizuia kwa shida, ndivyo unavyopata pointi nyingi. Angalau hapo deni linadaiwa.

Greg Stafford alikwenda mbali zaidi katika Pendragon ya 1985, mchezo wa mashujaa wa Mfalme Arthur. Kila shujaa ana jozi 13 za tabia, kila jozi jumla yake 20. Msamaha wako ukiwa 14, kisasi chako ni 6. Kuna wakati dadu ndiyo itakayokuambia kama shujaa wako amesamehe au amechomoa upanga.

Lakini mimi kura yangu naipa Fate (someni Fate Core ya 2013). Humo udhaifu haukulipi siku unapouandika. Unakulipa siku unapokuuma. Mwendeshaji anakuambia: "Hasira zako zile, si ndizo zitakazokufanya umtukane gavana?" Ukikubali, unapokea pointi ya kutumia baadaye. Ukikataa, unatoa moja. Hakuna kula bure.

Na wale wa "ndivyo mhusika wangu alivyo," wanaowaibia wenzao na kuharibu mchezo kila wiki? Nao wakome. Udhaifu umgharimu mwenyewe kwanza. Ukiwagharimu jirani zako tu, huo ni udhaifu wako wewe mchezaji.

Najua mtaniambia: basi tutarusha dadu tu na mazungumzo yatakufa. Hofu hiyo ina msingi. Toleo la tatu la Dungeons & Dragons, la mwaka 2000, liliweka ustadi wa diplomasia na jedwali lake la namba za kufikia, na mwenye ustadi mkubwa aliweza kugeuza adui kuwa rafiki bila kusema neno la maana. Huo nao ni upuuzi.

Njia ipo katikati. Mwendeshaji, usiombe hotuba. Uliza maswali mawili: unataka nini kwa mlinzi huyu, na unamshika wapi? Kwa hongo? Kwa kumkumbusha kiapo chake? Kwa kumtisha? Mkimya anaweza kujibu hayo kwa sentensi moja, hata kwa maneno matano. Hoja ikiwa nzuri, punguza ugumu. Ikiwa mbovu, ongeza. Kisha dadu na haiba zifanye kazi yake. Anayependa kuigiza sauti aigize, tutacheka na kupiga makofi, ila makofi yasibadilishe namba.

Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma. Meza nyingi zimeachiwa madebe, na wenye akili tulivu wamerudi nyumbani wakiamini mchezo huu si wao. Ni wao. Wamepokonywa tu.

Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo. Sitamdai ufasaha.