Mtani aje mapema

Siku ya tatu baada ya mama kuondolewa titi la kushoto, mtani wetu wa Kinyamwezi aliingia wodini saa kumi alasiri na chupa ya uji wa ulezi mkononi. Hakutoa pole. Alisimama miguuni pa kitanda, akautazama mpira uliotoka ubavuni mwa mama hadi kwenye kichupa cha kukusanyia majimaji, kisha akauliza kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia: "Nyie Wazaramo mmeanza lini kugema tembo hospitalini?"

Mama alikuwa hajacheka tangu atoke chumba cha upasuaji. Alishika bandeji kwa mkono wa kulia, akamjibu: "Subiri kijae unywe. Mnyamwezi hajawahi kukataa cha bure."

Mama wa kitanda cha pili, aliyekuwa ametoka Njombe na alikuwa hajazungumza na mtu tangu asubuhi, alijifunika shuka usoni na shuka likawa linatikisika. Muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Alipoelezwa, akageukia dirishani mpaka alipotulia.

Naandika haya kwa sababu ya siku mbili zilizotangulia ile alasiri. Ndugu zetu walikuja wengi, na nawashukuru, maana nauli ya kutoka Kisarawe si kidogo kwa mtu anayeishi kwa shamba la mihogo. Lakini walikuja na nyuso za msibani. Shangazi machozi yalimtoka tangu mlangoni. Wengine walinong'ona. Wengi walinihoji mimi juu ya mtu aliyekuwa amelala mbele yao akiwasikia: anakula? analala? daktari amesema nini? Walipoondoka mama aliniambia, "Baba, leo nimehudhuria msiba wangu mara nne."

Kwa wasomaji wasiolelewa katika utani, nieleze kidogo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya karne ya 19, wapagazi walipokuwa wakitoka Tabora na mizigo hadi Bagamoyo na kupita nchi yetu. Mtani ana ruhusa asiyonayo ndugu wa damu. Anaweza kukutukana ukacheka, anaweza kuchukua kuku wako usimshitaki. Na kazi yake kubwa iko kwenye msiba. Ndiye anayemuigiza marehemu, alivyotembea, alivyokohoa, alivyokuwa mgumu wa kutoa pesa. Ndiye anayeingia kaburini kabla ya maiti na kulala humo, akikataa kutoka mpaka alipwe. Waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka, na wakishacheka wanapata nguvu ya kushika jembe. Wazee wetu walijua kwamba huzuni ikiachwa peke yake inaua na waliobaki.

Ninachouliza ni hiki: kwa nini tunamleta mtani mtu akishakufa? Mama yangu alihitaji kicheko kile akiwa na masikio ya kukisikia.

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala, na niliyoyaona nimeyaona kwenye benchi la nje ya wodi na kwenye daladala. Mama alikatwa mara tatu. Mara ya kwanza ni 2020, kwenye kituo kimoja cha afya ambacho sikitaji. Walimtoa uvimbe wa ukubwa wa kunazi, wakamshona nyuzi tatu, wakautupa. Hakuna aliyetuambia kwamba uvimbe ukitolewa ni lazima upelekwe maabara ukachunguzwe, nasi hatukujua kuuliza. Leo najua, na kila mteja wangu anayeniambia katolewa uvimbe namuuliza kwanza: majibu ya kinyama yako wapi? Miezi tisa baadaye uvimbe ulirudi, safari hii kama ndimu.

Hapo ndipo tulipoanza kusema "ule ugonjwa". Nyumba nzima. Dada yangu mkubwa alikuwa akizima redio neno saratani likitajwa. Mjomba alitaka majibu yafichwe, mama aambiwe ni jipu. Tulikuwa tumekubaliana hivyo, watoto wanne watu wazima, uani, usiku. Mama alitoka chumbani akiwa na kanga moja akasema: "Titi ni langu na saratani ni yangu. Mkitaka kunong'ona, nong'oneni habari za kwenu." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Madaktari wetu wamekuwa wakisema kwa miaka kwamba wagonjwa wengi wa saratani hapa nchini hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Umaskini unachangia, umbali unachangia. Kwa muda mrefu mgonjwa wa mionzi kutoka Kigoma au Ruvuma hakuwa na pa kwenda ila hospitali ya Ocean Road. Lakini nimekaa na kina mama kwenye mabenchi yale, nimewasikia wakihesabu miezi waliyokaa na uvimbe bila kumwambia hata mume. Hawakukosa nauli. Walikosa mtu wa kumtajia neno lile bila yeye kuangua kilio. Kwetu, baada ya mtani kuingia na maneno yake ya kugema tembo, neno lilitajika. Wajukuu walilitaja. Na mwaka uliofuata mdogo wangu wa kike alipopapasa kitu kigumu kwenye titi lake, alimwambia mama jioni ileile, wakienda chooni na taa. Asubuhi walikuwa kliniki. Haikuwa saratani. Ingekuwa, tungeikuta ingali changa.

Juu ya imani nitasema kidogo zaidi, kwa kuwa wapo waliotaka kuifanya imani ya mama iwe adui wa matibabu yake. Mtu mmoja alimletea chupa ya maji yaliyosomewa, akamwambia akiyanywa siku saba hatahitaji kisu, na kwamba kwenda kukatwa ni kumkosea Mwenyezi Mungu imani. Mama aliyanywa. Siku ya nane alimrudishia chupa, ameiosha, akamwambia ahsante, kesho nalazwa. Mama anaswali sala tano tangu utotoni, na hakuona pa kuchagua. Mtume mwenyewe alihimiza watu wajitibu, alituambia. Asubuhi ya upasuaji aliswali Alfajiri pale pale kitandani, akavaa gauni la hospitali, akamuuliza daktari wa usingizi kama na yeye ameswali. Daktari akasema yeye ni Mkristo. "Basi sali kwa kwenu," mama akamwambia, "mimi sina ubaguzi siku ya leo."

Baada ya upasuaji hakuweza kutia udhu, kidonda hakitakiwi kuguswa na maji. Sheikh wa mtaani alikuja kumkumbusha tayamamu na kwamba ataswali amekaa, na ikibidi amelala. Alikaa dakika kumi, aliongea kwa upole, hakugusia kifo. Nilimpenda kwa hilo. Jioni yule mama wa Njombe aliimba wimbo wa kanisani kwao kwa sauti ndogo, mama akasoma dua yake, kisha kila mmoja akamwitikia mwenzake amina. Walifanya hivyo siku sita. Wodi nzima ilikuwa inawasubiri.

Zikafuata dripu sita za dawa ya saratani, moja kila baada ya siku 21. Humo imo ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa wote wanaijua, maana na mkojo unatoka mwekundu. Nywele zilidondoka baada ya dripu ya pili. Siku hiyo hakukuwa na mzaha, na mtani, aliyekuwa amekaa kizingitini, hakuthubutu. Mama alilia, tukamwacha alie. Nalitaja hili ili nisieleweke vibaya. Sisemi mgonjwa achekeshwe kwa nguvu. Jirani mmoja alimwambia mama, "Jikaze, cheka, wenzako wanapona," na maneno yale yalimuumiza kuliko sindano. Kicheko ni mali ya mgonjwa. Yeye ndiye anayefungua mlango, na mtani mzuri anajua kukaa kizingitini mpaka aitwe. Aliitwa siku ya tatu. Mama alimtuma mjukuu akamwambie: "Mwite yule Mnyamwezi aje aone kipara, asije akasema kwao wanavyo vizuri zaidi."

Mionzi alipigwa Ocean Road, vipindi 25, Jumatatu mpaka Ijumaa. Wajerumani walijenga hospitali ile mwaka 1897, na taasisi ya saratani ilipata sheria yake mwaka 1996. Barabara ya mbele yake siku hizi inaitwa Barack Obama, ila kondakta ukimwambia jina hilo atakutazama kwanza. Kila asubuhi tulikuwa tukikaa chini ya miti upande wa bahari tukisubiri zamu. Kabla ya kipindi cha kwanza walimchora mistari kifuani kwa wino, wakamwonya asiioshe isifutike. Alitoka ananionyesha kwa furaha, kama mtu aliyegundua jambo. "Kumbe na wao ni mafundi," alisema. "Wanapima, wanachora, ndiyo wanakata. Nilikuwa naogopa bure, mbona kazi hii naijua? Nimekuzaa mwenye kuifanya." Tangu siku ile hakuogopa mashine. Nami kila nikishika chaki mezani namkumbuka amelala tuli chini ya mashine ile, asijisogeze, kitambaa kisikatwe kombo.

Halafu likaja suala la titi la bandia. Ya dukani, yale yanayotoka nje ya nchi, bei yake hatukuiweza. Mama akaniambia: "Titi lililoondoka ndilo lililokunyonyesha wewe, mwenzake ulikuwa ukilikataa. Kwa hiyo deni ni lako. Shona." Nilishona la kwanza kwa kitambaa cha pamba, nikajaza pamba. Lilikuwa jepesi mno. Akiinua mkono, sidiria inapanda hadi shingoni, na bega moja likawa linakaa juu kuliko lingine. Uzito ndio siri yake. Mwili uliozoea kubeba pande mbili ukiachiwa upande mmoja, mgongo unaweza kupinda. La pili nikaweka ulezi ndani ya mfuko wa kitambaa kizito, nikaupima kwenye mzani wa duka la jirani, nusu kilo kasoro kidogo, nikashona mfuko wa pili juu wa kitambaa laini unaovulika na kufuliwa. Likatulia. Mtani alipolipakata mkononi akasema sasa Uzaramo hata njaa ikiingia, akiba ya uji ipo. Mama aliirudia kauli hiyo kwa kila mgeni kwa mwezi mzima. Hadi leo nimeshona mengine 14 kwa kina mama aliokutana nao kliniki, na wote huniuliza kwanza kama ni kweli ndani ni ulezi.

Ila kuna jambo linaloniuma, na sitalifunika. Tulipofungua kundi la simu la kuchangia matibabu, lilikusanya shilingi 340,000 kwa wiki tatu, na nusu yake ilitoka kwa watu wawili. Mwezi uleule jirani yetu alifariki, kundi la msiba likapita milioni mbili kwa siku mbili, na turubai, viti na sufuria vikafika bila mtu kuombwa. Watu ni walewale, namba za simu ni zilezile. Hawana roho mbaya. Tumejifunza vizuri sana kumzika mtu, kwa kamati, kwa daftari la michango, kwa zamu za kupika, kwa watani. Kumuuguza tumemwachia mtoto mmoja wa kike aliyekosa kazi. Ningependa daftari lile lile lifunguliwe siku ya majibu ya kinyama. Zamu zile zile za kupika ziwe za kupeleka uji wodini. Mwenye bajaji anayejitolea kubeba wafiwa amsindikize mgonjwa kwenye mionzi walau Jumatano moja. Mzigo wa wiki tano ukigawanywa kwa mtaa mzima hauonekani. Kwetu uliangukia cherehani moja, na wiki zile tano cherehani ililala.

Mwanzoni mwa 2024 mama alipapasa punje kwenye kovu lenyewe. Safari hii hakumwita mtu uani, alitutangazia mezani tukila. Majibu ya kinyama yalisema ni ileile imerudi, ndogo, na itakatwa. Leo ni mzima, anahudhuria kliniki kila miezi mitatu, anakuna nazi kwa mkono wa kulia na kutoa amri kwa wote wawili.

Asubuhi ya kwenda kulazwa kwa upasuaji huo wa tatu bajaji ilikuwa mlangoni saa kumi na mbili. Tulitoka na mama, mkoba, mkeka wa sala na chupa ya chai. Mtani alikuwa keshaingia. Amelala kiti chote cha nyuma, ameweka mikono kifuani, macho ameyafumba. Dada yangu mkubwa alishtuka, maana sote tulijua anachokiigiza na mahali kinapoigizwa. Dereva akamwambia mzee shuka, tunachelewa. Hakujibu. Akanyoosha kiganja tu.

Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akafungua pindo la kanga, akatoa noti ya elfu moja, akamwekea kiganjani.

"Hiyo ni ya leo," akamwambia. "Ile nyingine utawadai watoto, na utaisubiri sana."

Mtani akaibusu noti, akashuka, akazunguka upande wa pili ili amshike mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto anajua haushikwi, akampandisha.