Singe ya Mjerumani Si Chuma Chakavu

Likizo nikirudi Kasulu, stori ni "mali za Mjerumani". Watu wanachimba usiku, na wasomi wenzangu wapo waliotapeliwa hela ya bumu na madalali wa rupia. Lakini mali ya Mjerumani iliyo wazi kabisa hakuna anayeihangaikia: singe za zamani, zile za kuchomeka kwenye bunduki. Zinakatia migomba, au zinauzwa kwa kilo.

Ulaya na Marekani wapo wanaozikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Wanalipia historia yake kuliko chuma: alama ya kiwanda (vingi vilikuwa mji wa Solingen), namba ya kikosi, nani aliibeba. Hapo ndipo tunapopigwa. Dalali anachukua singe, na hadithi inabaki hewani kwa sababu hakuna aliyeiandika.

Tujue pia tunachokitazama. Singe ya gwaride ni nyembamba, inang'aa, kwa kawaida haijanolewa. Askari kule Ujerumani aliinunua kwa hela yake apendeze nayo mtaani, nyingine zikichorwa maneno ya kukumbuka utumishi wake. Nyingi zilizoko sokoni ni za miaka ya 1930, wakati Mjerumani alishaondolewa hapa. Kwa hiyo ukionyeshwa singe yenye tai wa Hitler, ukaambiwa imefukuliwa Kibondo na ni ya 1914, mpe pole tu. Na ile ya vita kweli inaweza kuwa ya Mbelgiji: aliingia Kigoma 1916, akakaa mpaka 1921.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliweka mstari kwenye mwaka 1863. Kilichotengenezwa baada ya hapo, kwa kawaida hakilindwi mpaka kitangazwe rasmi. Mimi nasema mstari huo usogezwe, ila tusikae kusubiri Bunge.

Sisi wa ualimu tunakwenda mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi wa sekondari anakariri Vita ya Kwanza ya Dunia kwa Kiingereza, huku bibi yake ana singe uvunguni. Mtume akaulize: ililetwa na askari, na mpagazi, au ilinunuliwa mnadani? Apige picha, anakili namba, aandike maneno ya bibi kwa Kiha kama yalivyotamkwa. Kuuza au kutouza ni uamuzi wa familia, siwezi kumzuia mzazi anayedaiwa ada. Ila daftari libaki shuleni kabla dalali hajafika.