Ziwa Letu na Jicho la Angani

Majuma mawili yaliyopita, baada ya somo la jografia, wenzangu kadhaa walisema kwamba kuchunguza vimea vya majini kwa setilaiti ni kazi ya watu wenye bahari, na kwamba sisi wa Mbarara haituhusu. Mimi nasema yatuhusu, tena sana.

Kwetu ni Nakivale. Siku bomba linapokauka twateka maji ziwani. Likizo iliyopita nilijaza jerikeni, na maji yalikuwa ya kijani kama mchuzi wa sombe. Nilimwuliza mzee mmoja mvuvi sababu yake. Akanijibu, "Mwanangu, mimi nimeyakuta hivyo hivyo." Mama aliyachemsha, tukanywa. Baadaye nilisoma kwamba baadhi ya vimea hivyo, viitwavyo siyanobakteria (wataalamu huvihesabu pamoja na bakteria), hutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Tangu siku hiyo sina raha, maana wadogo zangu wangali wanakunywa.

Setilaiti yasaidiaje? Vimea hivi ni vidogo mno, lakini vina klorofili, ile rangi ya majani. Klorofili humeza mwanga wa buluu na mwekundu, na mwanga wa kijani hurudi. Chombo kilicho angani hupima mwanga utokao majini na kukisia wingi wa vimea. Wamarekani walianza kupima bahari hivyo mwaka 1978 kwa Nimbus-7, na chombo chao kiitwacho PACE kilirushwa Februari 2024. Vyombo hivyo vya bahari huona kwa vipande vya karibu kilometa nzima. Ziwa letu lingekuwa madoa machache tu. Kwetu chafaa Sentinel-2 cha Ulaya, ambacho cha kwanza kilirushwa mwaka 2015. Picha zake ni za vipande vya mita 10 au 20, huja kila baada ya siku 5 hivi, na hutolewa bure. Hata Uganda ilipata chombo chake, PearlAfricaSat-1, mwaka 2022, na kuchunguza maji kulikuwa miongoni mwa kazi zake. Nilifurahi mno, ingawa vyombo vidogo namna ile havikai sana angani.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaodhani picha zatosha. Wakati wa mvua mawingu hulifunika ziwa. Tena Nakivale lina kina kidogo, na tope lake huidanganya setilaiti. Wala tusiwalaumu watu wa Nakivale peke yao: Mto Rwizi, tunaouona hapa mjini ukichukua udongo na taka zetu, waenda mashariki kwenye bonde la maziwa ya Mburo na Nakivale. Na juu ya sumu, picha haisemi neno; lazima maji yenyewe yapimwe.

Kwa hiyo angani kwahitaji mtu wa chini, na hapo ndipo mwanafunzi anapofaa. Mwaka 1865 padre mmoja Mwitaliano, Angelo Secchi, alishusha kisahani baharini kwa kamba mpaka kisionekane, akaandika kina chake. Maziwani hutumiwa kisahani cha sentimita 20, nusu cheupe nusu cheusi. Tukifanya hivyo siku ile ile setilaiti inapopita, na kuteka chupa moja ya maji kwa ajili ya maabara, mtaalamu ataweza kujua kama kijani cha kwenye picha ni vimea au ni tope.

Kisahani nimekwisha kukata kwenye kifuniko cha ndoo ya rangi, na kamba nimeifunga mafundo kila sentimita 10. Yule mzee amekubali kutupeleka kwa mtumbwi wake likizo ijayo, ila ataka tuwe wawili: mmoja ashike kamba, mwingine aandike. Mpaka sasa niko peke yangu. Anayetaka kuja na anione bwenini kabla ya kufunga shule.